Kofia Juu ya Mashine

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitunguu kabla hujalisoma, pole. Nitakurudisha nyuma kidogo, halafu tuendelee na balaa langu.

Mimi na kaka yangu tunafufua mashine za randa. Ni zile mashine nzito ambazo seremala anapitisha ubao upande huu, unatokea upande wa pili ukiwa laini na unene mmoja. Tunazichukua zikiwa chakavu, kwenye karakana zilizofungwa na vyuo vilivyokata tamaa nazo. Tunazifungua, tunazikwangua kutu, tunabadilisha beringi, tunazirudisha kazini. Kazi hii tuliachiwa na marehemu baba.

Siku moja nilikuwa nafunga visu kwenye mashine moja ya kijani. Nikaitwa getini kusaidia kushusha mashine nyingine kwenye lori. Nyuma yangu kaka akaingia, akaiona ya kijani imekaa sawa, akaiwasha. Visu vilikuwa havijakazwa. Kimoja kikachomoka, kikapiga chuma, na kipande chake kikaondoka na jicho la kulia la kaka yangu.

Niliishia pale daktari aliposema jicho halirudi. Shemeji yangu, mke wa kaka, alinigeukia kwenye korido ya hospitali akaniuliza, "Umeridhika?"

Tangu siku ile nimeingiwa na ganzi, mwili na moyo. Nakula kwa sababu sahani imewekwa. Watu wanaona ni kiburi, na mimi sina nguvu za kuwakatalia.

Sasa kuna jambo sikuwaambia, na bila hilo hamtaelewa kilichotokea leo.

Visu vya randa havifungwi mara moja. Unapita bolti zote mzunguko wa kwanza, vishike tu. Unapima, unagonga kidogo hapa na pale mpaka visu vyote viwe na kimo kimoja. Ndipo unapita mzunguko wa pili, wa kukaza kwa nguvu zako zote. Kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili kisu kinaonekana kimefungwa kabisa. Hata fundi mzee akikitazama haoni tofauti.

Kwa hiyo baba alituwekea sheria. Ukianza kufunga visu, vua kofia yako uiweke juu ya mashine. Kofia ikiwa juu, mashine ni maiti. Hakuna kugusa swichi, hata nyumba ikiwaka moto. Ukimaliza mzunguko wa pili, unavaa kofia yako, na mashine imefufuka.

Na baada ya hapo hakuna anayekukagua. Kupitisha spana nyuma ya mwenzako ni tusi kubwa kwetu, ni sawa na kumwambia mikono yake si ya kuaminika. "Mkono ulioanza ndio unaomaliza," baba alikuwa akisema.

Kaka anasema alipoingia hakukuwa na kofia. Kaka si mwongo.

Mimi nakumbuka niliivua. Lakini nimeivua kofia ile maisha yangu yote. Nitajuaje kama ninachokumbuka ni siku ile na si siku iliyotangulia? Nimejiuliza mpaka swali limechoka. Kofia yenyewe haikuonekana tena. Huenda nilitoka nayo kichwani ikaangukia kwenye lori. Huenda.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha familia.

Asubuhi niliingia karakana kama kawaida. Nikaifunua ile mashine ya kijani, nikachovya brashi ya waya kwenye mafuta ya taa, nikaendelea kusugua rola pale nilipoachia jana.

Fundi wetu wa kunoa visu, mtu mzima tunayemwita Msasa, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Aliwahi kufanya kazi na baba. Ulimi wake ni mkali kuliko visu anavyonoa, ndiyo maana ya jina.

"Bwana mdogo," akasema. "Unampaka marehemu mafuta?"

"Haijafa. Inataka visu vipya na beringi moja tu."

"Kaka yako kasema ikatwekatwe, iuzwe chuma chakavu."

"Nimesikia."

"Sasa unasugua nini?"

"Rola."

Msasa akacheka bila furaha. "Ama kweli. Mwenzako ananyolewa, wewe huna hata habari kwamba zako zinatakiwa kutiwa maji. Unajua leo watakuambia nini?"

"Niambie wewe."

"Mjomba wako atataka uache karakana. Urudishe spana za baba yako. Hilo dogo."

"Kubwa lipi?"

Akaweka kisu chini. Mzee yule akitaka kusema la maana huweka kisu chini.

"Kaka yako hapati usingizi. Si kwa maumivu. Anajiuliza kama kofia ilikuwepo na yeye hakuiona. Anasema labda aliipangusa kwa mkono bila kujua, kwa haraka zake. Anasema labda jicho alilitoa mwenyewe. Mkewe anataka wewe utamke mbele ya watu kwamba hukuweka kofia, ili mumewe alale."

"Na mimi sijui kama niliweka."

"Ndiyo hapo. Kaka hajui, wewe hujui. Mnajua nini nyie watoto?"

Nikaendelea kusugua. Rola ilikuwa inaanza kung'aa upande mmoja. Kwa kawaida hapo ndipo moyo wangu huchangamka, chuma kinapoanza kutoa uso wake wa zamani. Leo niliona chuma tu.

Adhuhuri nilikwenda nyumbani kubadili shati. Nyumba yetu iko nyuma ya karakana, ukuta kwa ukuta. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi.

Hapa lazima niseme habari ya mama. Ana kifua. Vumbi la mbao likimwingia anakosa pumzi, kwa hiyo baba alimpiga marufuku kukanyaga karakana tangu walipooana. Mambo ya kule hayajui, na sisi hatumpelekei. Kaka alipoumia tulikubaliana kumwambia kwamba mashine ilikuwa mbovu, ikapasuka. Ana presha pia. Kumwambia kwamba mwanawe mdogo kamtoa jicho mwanawe mkubwa kungemmaliza.

"Mjomba wako anakuja, na wewe unanuka mafuta ya taa," akasema. "Vua hilo shati. Mnakutana kuzungumza nini huko?"

"Mambo ya mashine, mama."

"Mashine, mashine. Utaoa lini, hizo mashine zenu zitakupikia?"

Akafungua kabati kunitolea shati. Akasogeza mashuka, akasogeza taulo, halafu akasema, "Eh! Hii nayo nilishaisahau."

Alikuwa ameshika kofia yangu.

Ilikuwa safi kuliko siku niliyoinunua. Imepigwa pasi, imekunjwa, inanuka sabuni.

"Umeipata wapi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa.

"Nimeipata wapi! Si ulikuwa umeitupa juu ya lile limashine la kijani. Nilikuja kukuita ule, chakula kinapoa. Nikaita mlangoni, hakuna aliyeitika, nikaziba pua kwa kanga nikaingia. Sikuona mtu. Nikakuta kofia imelala pale imekakamaa kwa grisi, mpaka inasimama yenyewe. Nikasema huyu mtoto wangu kweli anaivaa hii mbele za watu? Nikaja nayo nikailoweka."

"Siku gani, mama?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto wake huruma.

"Siku ile ile, mwanangu. Ndiyo kwanza naweka sabuni nikasikia makelele ya kaka yako. Beseni nikaliacha hapo hapo, likakaa mpaka maji yakaoza. Nilikuja kuifua baadaye, wewe ulikuwa unashinda hospitali, huulizwi kitu. Nikaitia kabatini ikanipotea akilini."

Nitawaambia ukweli, maana nimeahidi kuwaambia ukweli kila wiki. Nilifurahi.

Ganzi yote ilitoka. Nilifurahi mpaka nikakaa kitandani. Niliweka! Mikono yangu iliweka kofia! Sikumtoa kaka yangu jicho. Nilitaka kukimbia nayo mikononi, nimtupie shemeji miguuni, nimwambie nusa.

Furaha ile ilidumu muda wa kumeza mate.

Kisha nikamwona mama ananinyooshea kola ya shati, anaipulizia pumzi kidogo ili mkunjo utoke, anaimba puani. Nikaelewa nitakapoipeleka kofia hii nitakuwa nimempeleka nani. Ganzi ikarudi, na safari hii niliikaribisha mwenyewe.

"Mama."

"Naam."

"Hiyo kofia irudishe kabatini. Usimpe mtu."

"Kwa nini?"

"Bado mbichi."

"Mbichi? Nimeipiga pasi mpaka nimeunguza kidole!" Akacheka. "Nenda zako. Uchizi wa baba yako umeurithi wewe."

Nikavaa shati, nikatoka kichwa wazi.

Kikao kilifanyika ndani ya karakana, makusudi, ili mama asisikie. Tulikalia masanduku ya vyuma na vipande vya mbao. Mjomba, mdogo wake mama, alipewa kiti pekee chenye mgongo. Kaka alikaa karibu na mlango, kitambaa cheupe kimemfunika upande wa jicho. Shemeji alisimama nyuma yake ameshika bega lake. Msasa alibaki kwenye kigoda chake. Mashine ya kijani ilikuwa katikati yetu.

"Majuto ni mjukuu," mjomba akaanza. "Hatukuja kumtoa mtu roho. Tumekuja ili hii nyumba ipate kulala. Mpwa wangu, una la kusema?"

"Sina, mjomba."

"Huna!" Shemeji akadakia. "Mnamwona? Mtu kakaa kama gogo. Hata pole yake ilikuwa ya kulazimishwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Mke wangu," kaka akasema taratibu. "Niache mimi."

Akainua uso. Bado sijazoea uso ule. Kila nikiuona nalitafuta jicho la pili.

"Mdogo wangu, sikutaka mambo ya spana wala ya kufukuzana. Hayo ni ya mjomba. Mimi nina swali moja tu, nijibu kama ulivyokuwa ukimjibu baba. Uliweka kofia au hukuweka?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga msumari mahali fulani, anapiga na kuacha.

Nilikuwa na majibu mawili, na yote yalikuwa yanakata. Nikisema niliweka, wataniuliza ilikwenda wapi. Kaka atasema basi ni yeye ambaye hakuiona, na atabaki anajitafuna usiku kucha. Au nitalazimika kusema iko kabatini, imepigwa pasi. Mama angejua kabla jua halijazama. Namjua mama. Yeye mtoto akikatwa na wembe hujilaumu kwa kununua wembe.

Nikisema sikuweka, ni mimi peke yangu. Na mimi nilishakuwa na ganzi tayari.

"Sikuweka," nikasema.

Msasa akainua kichwa ghafla. Alinitazama sana, sikumtazama.

"Rudia," shemeji akasema.

"Sikuweka kofia. Nilisahau. Kaka hakukosea kitu."

Kaka akashusha pumzi ndefu. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda tangu hospitali, yalishuka mbele ya macho yangu. Akatikisa kichwa, akatikisa tena.

"Basi sikuwa kipofu kabla ya kupofuka," akasema. Kisha jicho lake moja likalia. Shemeji naye akalia. Hata mjomba akatoa leso.

Mimi sikulia. Nilikaa tu. Nilijiona nimefanya kitu kizuri, na hakikuniuma wala kunipendeza.

Mjomba akakohoa. "Aliyekiri amejisaidia. Lakini mkono uliosahau mara moja hatuwezi kuupa visu tena. Mpwa wangu, kuanzia leo hufungi mashine. Tafuta kazi nyingine, tutakusaidia. Spana za marehemu mkabidhi kaka yako."

Nikasimama, nikachukua bunda la turubai zilimolazwa spana za baba. Spana ya visu niliitoa nikaishika kidogo. Mpini wake umeliwa upande mmoja na dole gumba la baba, na dole gumba langu linaingia humo humo. Nikairudisha, nikafunga kamba, nikamwekea kaka mapajani.

"Na hii ya kijani?" Msasa akauliza. Sauti yake ilikuwa na hasira, sijui ya nani. "Inakatwa?"

"Ikatwe," kaka akasema.

Hapo mlango ukasukumwa.

Mama aliingia ameziba pua na mdomo kwa kanga. Mkono mmoja umebeba birika. Tuliruka wote.

"Dada, vumbi hili!" mjomba akasema. "Utaumwa!"

"Niumwe. Ndugu yangu unakuja kwangu unapitiliza, hata chai hunywi? Mmekuwa majambazi, mnajifungia?" Akaweka birika juu ya mashine ya kijani. Akatuangalia mmoja mmoja. Kaka ana kofia. Msasa ana kofia. Mjomba ana kofia. Akafika kwangu.

"Nilijua," akasema. "Mbele ya mjomba wako umekaa kichwa wazi, na mavumbi yote haya. Unaniambia eti mbichi."

Akaingiza mkono kwenye kanga, akaitoa.

"Mama," nikasema. "Mama, twende nyumbani."

"Inama."

"Mama, tafadhali."

"Inama nikuvalishe."

Hakunivalisha. Kaka alikuwa ameshainuka, bunda la spana limeanguka chini, vyuma vimelia. Aliipokea kofia kutoka mkononi mwake kwa adabu, kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaipeleka puani, akanusa sabuni.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

Nilimkonyeza mama. Nilitikisa kichwa. Mama haelewi ukonyezo, hajawahi kuelewa.

"Si ya mdogo wako! Niliikuta kaitupa hapa hapa," akasema, akapigapiga chuma cha ile mashine kwa kiganja, pembeni ya birika. "Imechafuka, haitazamiki. Nikamfulia."

"Lini?"

"Siku uliyoumia, mwanangu. Naingia na kutoka hivi, naweka sabuni hivi, nikasikia unalia."

Msasa akavua kofia yake taratibu, akaishika kifuani. Shemeji alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mjomba aliangalia sakafu yenye maranda.

Kaka hakumtazama mama. Alinigeukia mimi. Jicho moja, lakini lilinitazama kuliko nilivyowahi kutazamwa na mawili. Alishajua niliweka, na alishajua kwa nini nimekana.

Mama akashusha kanga kutoka puani ili atuone vizuri.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana, kinapiga mluzi. "Jamani, si kofia tu? Nimefanya nini, wanangu?"

Kaka akafungua mdomo kumjibu.

Nikamrukia kaka, nikamziba mdomo kwa kiganja.